Sehemu Isiyo na Vita

Katika sehemu ile ya mfululizo hapakuwa na bunduki hata moja, na hilo lilinitia wasiwasi tangu nilipoitazama peke yangu asubuhi, kabla watu hawajatoka kanisani. Wakati huo nilikuwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, nikifanya kazi ya kutafsiri katika kibanda cha video. Nilikaa kando ya skrini na kipaza sauti, nikapunguza sauti ya televisheni, nikasema kwa Kiswahili kile ambacho wale wazungu walikuwa wakisema kwa lugha yao. Penye mapigano nilipiga kelele. Penye kimya nilijaza. Watu waliniita dijei, ingawa sikuwahi kupiga muziki hata siku moja.

Mfululizo wetu wa Jumapili ulihusu watu wanaoishi ndani ya meli ya angani. Meli hiyo ilitangatanga kati ya nyota ikiwindwa na maadui wenye ngozi ya kijivu, na kila wiki watu walikuja kuona kama itaponyoka. Nilipenda kuitafsiri. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimekaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Nilikuwa nimeuza samaki wakavu Kalokol, nimelinda ghala Lokichoggio, nimefyatua matofali Kitale. Watu ambao kwao ni chombo kinachowabeba tu, nilidhani nawaelewa.

Lakini sehemu hiyo ilikuwa ya nyumbani. Meli imeharibika, wametua kwenye sayari kame, na wakati mafundi wanaitengeneza, nahodha na mkewe wanapewa nyumba kwa siku tatu. Mke ndiye mkuu wa injini. Basi kwa siku tatu mume hana cha kuongoza na mke hana cha kurekebisha. Nahodha anajaribu kupika, jiko linakataa amri yake. Majirani wanakuja bila kualikwa na kula chote kilichopikwa. Mashine ya kufagia inampenda mke na kumgonga mume miguuni. Mwishowe meli inapona, wanaondoka. Hakuna aliyekufa wala kupigwa.

Mwenye kibanda alikuwa mzee Msomali aliyeuza pia chai mlangoni. Alinikuta nimeshika kichwa.

"Walaal, ndugu yangu, ya leo iko na vita?"

"Iko na kupika."

"Kupika?" Akaitazama televisheni iliyozimwa kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. "Wiki ile waliondoka katikati. Wakiondoka tena, mimi naweka mpira. Basi wewe tia chumvi."

Nilijua kutia chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Watu wa angani walipokuwa na njaa niliwafanya wagombee unga wa msaada, na walipotua mahali pageni niliwafanya waulizwe vitambulisho. Mtu wa Kakuma alipenda kumsikia mzungu wa angani akilalamika juu ya foleni. Maneno hayo sikuyatunga. Niliyaokota njiani, kwenye bomba la maji, kwenye ploti nilikopanga.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba sita vya mabati vinavyotazamana, ua katikati. Katika chumba kilichopakana na changu alikaa mwanamke Mturkana wa miaka thelathini hivi, mwenye watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Aliuza makaa kambini. Mumewe alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la mizigo kati ya Kitale na Lokichoggio, na angeweza kupotea wiki mbili, kisha akarudi na vitunguu na vicheko. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Watoto wake walimjua kwa sauti kabla ya kumwona.

Siku moja, mume akiwa safarini, yule mwanamke alikuja mlangoni kwangu na kadi iliyokunjwa mara nne.

"Ejok, mwalimu. Hii inasema nirudi lini?"

Alinisalimu kwa Kiturkana, na aliniita mwalimu kwa sababu nilikuwa nasoma magazeti yaliyofungiwa nyama. Nikasoma. Ilikuwa kadi ya kliniki, ya sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Nikamtajia tarehe. Tarehe haikumsaidia. "Nihesabie Jumapili," akasema. Nikamhesabia Jumapili zilizobaki, naye akazikunja kwenye vidole na kwenda zake.

Alikuja mara tatu kwa muda wa miezi, na kila mara alisimama nje ya kizingiti, mchana, watu wakipita. Mara ya tatu kadi ilikuwa nyeupe, nikapiga chafya. Akacheka akijifunika mdomo.

"Naficha ndani ya unga," akasema. "Mwanaume haiwezi tia mkono kwa unga."

Ni kweli. Kwao, na si kwao tu, chakula kikishaingia nyumbani ni cha mama. Mume ataulizia ugali, hataulizia debe.

"Na akijua?"

"Atajua. Lakini mimi ndiye nitamwambia. Mtoto aachishwe kwanza."

Hayo ndiyo aliyoniachia.

Jumapili hiyo kibanda kilijaa. Nikianza kutafsiri sikuwaona watu, maana mwanga wa skrini ulinipiga usoni na wao walikaa gizani, lakini niliwasikia. Mtafsiri hujua hali ya watu kwa benchi. Wakivutiwa, benchi hunyamaza. Dakika ya kumi benchi zilianza kulia. Dakika ya kumi na tano kuna aliyepiga miayo kwa sauti, mwingine akamjibu. Nahodha alipounguza chakula mara ya pili, nilisikia pazia la mlangoni likifunguliwa na kufungwa, kisha tena.

Ndipo ikafika ile sehemu ya mke peke yake jikoni. Haongei. Anafungua mtungi, anatoa karatasi iliyokunjwa, anaitazama, anairudisha, anafunika. Dakika nzima ya kimya. Karatasi hiyo ilikuwa barua. Alikuwa amepewa kazi ya kuongoza meli nyingine, hajamwambia mumewe. Hayo yalielezwa mwanzoni, kwa maneno mengi ya haraka ambayo nilikuwa nimeyaruka. Sasa nilikuwa na dakika moja tupu, watu wakitoka, na barua ambayo hakuna mtu angeicheka.

Nikafungua mdomo. Nikasema kwa sauti nyembamba ya mke wa nahodha: "Hii kadi yangu ya kliniki, kaa hapa ndani ya unga. Huyo anajua nyota zote kwa majina, lakini mwanaume hawezi kutia mkono kwenye unga."

Kicheko kilichotokea sijakisikia tena maishani mwangu. Kilianza nyuma walikokaa kina mama, kikaja mbele kama maji ya mvua kwenye laga, mto wetu mkavu. Waliokuwa wamesimama wakakaa. Nikaendelea. Kila nahodha alipopita karibu na mtungi niliongeza neno, na watu wakampigia kelele, wengine "Tia mkono," wengine "Wacha unga wa watu." Sehemu ambayo haikuwa na vita ikawa na vita kuliko zote.

Mwishoni, katika ile sehemu yenyewe, mke anaitoa barua mwenyewe, anaiweka mezani, anamwambia mumewe yote, na wanacheka pamoja. Mimi nilikuwa nimeigeuza barua kuwa kadi, sikujua niimalizeje. Kwa hiyo walipokaa mezani niliwafanya waongee habari za meli. Mke wa nahodha alisogeza midomo akisema siri yake, na sauti yangu ikasema injini imepona.

Mzee alikuwa na desturi yake. Sehemu ikiisha, watu walikaa watoe maoni kama iendelee wiki ijayo au iletwe nyingine. Alisema mtu mwenye maoni hukaa, na anayekaa hunywa chai. Na aliniwekea mimi sheria moja. Mtafsiri hana maoni. Watu wakisifu ninyamaze, wakitukana ninyamaze, kwa kuwa saa nzima nimeongea peke yangu.

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia. Kijana wa bodaboda akaanza.

"Mimi hii imeniboo. Nimekuja mbio nione wale wa kijivu wakichapwa, naonyeshwa msee akiunguza maharagwe."

"Wewe umeshawahi kupika maharagwe?" akauliza mama muuza samaki.

"Mimi nakula tu."

"Ndiyo maana hukuona vita. Vita ilikuwepo tangu mwanzo."

Fundi cherehani mmoja Mkongomani akainua mkono kama yuko darasani. "Miye nasema hii ni muzuri kupita zote. Bunduki tunazijua. Mutu anakimbia bunduki, anavuka mipaka, anafika hapa, unamuonyesha tena bunduki? Muonyeshe mutu anakula na bibi yake. Hiyo ndiyo sinema."

Kisha Msudani mmoja mrefu, aliyeimba kwaya kambini, akasema, "Lakini kapteni ni mjinga. Adui iko mbali sana yeye anajua iko wapi. Kitu iko kwa nyumba yake, hajui."

"Si mjinga," akasema muuza samaki. "Ni mwanaume."

Ndipo nikasikia sauti niliyoijua kupitia ukuta wa mabati.

"Na mimi niko na maoni."

Alikuwa benchi la pili, bado na vumbi la safari kwenye nyusi. Lori lilikuwa limefika asubuhi, sikujua. "Huyo kapteni akili yake ni kidogo," akasema jirani yangu, yule taniboi. "Kama ni mimi, leo nikifika nyumbani natia mkono kwa unga mpaka kwapa."

"Utatoka na mende," akasema muuza samaki.

"Basi nitakula ugali na mboga yake."

Watu walicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Kipaza sauti kilikuwa mapajani mwangu, kimezimwa. Sheria ilisema ninyamaze, lakini siwezi kuitupia sheria lawama. Ningeweza kutoka. Ningeweza kukimbia hatua mia tatu hadi kwenye ploti, nikamwambia mkewe atoe ile kadi. Niliwaza hivyo. Halafu mtu akanishika bega na kuniambia leo nimetafsiri, na mwingine akasema nimewaua, na mzee akaniletea chai ya maziwa ya ngamia. Nikakaa nikanywa. Nilikuwa sijasifiwa hivyo kwa muda mrefu.

Yule mume alikuja kwangu kabla jua halijashuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweupe hadi kwenye kiwiko.

"Nilitia kwa mzaha," akasema. "Nilitaka nimchekeshe." Akaninyooshea kadi. "Nisomee."

Nikaichukua. Unga ukamwagika kwenye miguu yangu.

"Ni kadi ya kliniki. Ya mtoto."

"Ya mtoto iko kwa ukuta, kwa msumari. Mimi sijasoma, lakini si kipofu." Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Na hilo si swali langu kubwa. Wewe ulijuaje iko kwa unga?"

Nikakung'uta unga miguuni.

"Mtu anajuaje kitu kiko ndani ya unga ya mke wa mtu? Ameingia jikoni, au ameambiwa. Na mwanamke anaambia nani mambo ya unga, jirani?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pake, mtoto kiunoni. Watu wa ploti walikuwa wamejikuta wote wana kazi uani, huyu anafua, yule anapepeta, na hakuna mkono uliosogea. Mwanamke alinitazama akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Nimeugeuza mtikiso huo akilini miaka na miaka. Huenda alikuwa anasema nisisome. Huenda alikuwa ananisikitikia tu, au anajisikitikia.

Nikasoma. Kwa sauti ya chini, yeye peke yake asikie, nikamwambia mumewe kwamba ni sindano ya kupanga uzazi, kwamba amechomwa mara tatu, kwamba mimi nilimsomea tarehe nikiwa mlangoni, yeye nje ya kizingiti, na hakuna lingine kati yetu. Nilijiambia kwamba nilikuwa namwokoa na aibu iliyo kubwa zaidi. Lakini wakati nasema nilikuwa nautazama mkono wake na kuona mishipa yake, na jina nililokuwa naliokoa lilikuwa langu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja kadi kwa mistari yake ya zamani, akaitia mfuko wa shati. Kisha akageukia ua, akacheka kile kicheko chake, akasema kwa watu wote: "Kumbe dijei anapikiwa kwangu."

Hakuna aliyecheka naye.

Ningesema nini? Kusema ukweli mbele ya ploti nzima kungekuwa kuitoa siri ya mwanamke ambayo ilikuwa bado imebaki nusu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na ni wazo zuri, linapendeza kulibeba. Siku ya tatu yule mwanamke alipandishwa basi la Lodwar na mtoto anayenyonya, wale watatu wakabaki kwa mama mkwe. Siku ya nne mimi nilipanda lori la Kitale. Mzee hakunizuia. Alisema tu kwamba wiki ijayo ataweka mpira.

Nikazunguka. Kitale, Eldoret, Kapenguria, tena Kalokol, ambako maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kula nyumba niliyowahi kulala. Kila mahali nilikuta watu wakitazama sinema kwenye simu, kila mtu na yake, hakuna anayehitaji mtu wa kukaa kando ya skrini. Nilijifunza kupaka rangi. Mwaka huu nikapata kazi Lodwar, kupaka vyumba vya nyumba ya wageni ya akina mama kule Nawoitorong.

Siku ya pili nilikuwa juu ya ngazi, nikamwona yule mwanamke akianika mashuka. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele za mbele zimeanza mvi. Alimaliza kubana shuka la mwisho ndipo akaja chini ya ngazi.

"Ejok, dijei."

Hakuniita mwalimu. Nikashuka. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kuomba msamaha kwa miaka saba, nikayasema yote, na yalikuwa mafupi kuliko nilivyodhani. Alingoja nimalize.

"Hiyo sinema mimi sikuiona," akasema. "Watu wote wa Kakuma waliiona. Mimi nilikuwa nauza makaa. Ndani ya ule mtungi kulikuwa na nini?"

"Barua. Alikuwa amepewa kazi kwenye meli nyingine."

"Si kadi."

"Si kadi. Kadi niliitia mimi."

"Na bwana yake aliipata hiyo barua?"

"Hapana. Alimwambia mwenyewe. Mwishoni, wakiwa mezani."

"Akasemaje bwana?"

"Alicheka. Wote wawili walicheka."

Aliyatazama mashuka. Upepo wa Lodwar ulikuwa umeanza kuyapiga na alikuwa anahesabu, nadhani, ni yapi yatahitaji kufuliwa tena.

"Ilikuwa sinema nzuri," akasema. "Wewe uliiharibu. Hata wangu angecheka. Si siku hiyo. Angekasirika wiki moja, halafu angecheka. Mimi namjua." Kisha akaanza kusema jambo lililomleta chini ya ngazi. "Binti yangu mkubwa unamkumbuka? Yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita alikuja hapa, akalala siku mbili, hakuniangalia machoni. Siku ya tatu akaniuliza kama ni kweli. Wasichana wa shule wanamwambia mama yako aliachwa kwa sababu ya dijei. Nikamwambia si kweli. Akaniuliza, mbona basi dijei alikimbia?"

Nilikuwa bado nimeshika brashi. Rangi ilikuwa inanitiririkia mkononi.

"Ulipokimbia uliweka muhuri," akasema. "Mimi sikudai. Lakini huyu ni mtoto wa kike, na neno la mama linakaa juu ya mtoto. Wewe ulisema mbele ya watu. Enda useme mbele ya watu."

"Nikisema, nitaisema pia habari ya sindano."

"Sema. Siku hizi hata wake za wachungaji wanachomwa." Akaokota beseni. Nikamwomba nimsaidie kubeba, akakataa. Nikamwuliza kama bado anahitaji mtu wa kumsomea, akasema kuna msichana ofisini anamsomea. "Yeye haongei," akasema, akaenda zake.

Nilimaliza vyumba viwili vilivyobaki, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na pia kwa sababu niliogopa. Kisha nikapanda gari la Kakuma.

Kibanda cha video sasa kinatengeneza simu. Mzee alikwishahamia kwa wanawe, hakuna aliyejua vizuri ni wapi. Mume nilimpata stendi. Ameacha malori baada ya kuumia mgongo, sasa anakata tikiti za basi, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Ana mke mwingine na watoto wawili zaidi. Aliponiona hakushtuka. Alivuta kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa, jirani. Unaenda wapi?"

"Nimekuja kwako. Nimekuja kusema kwamba kati yangu na mama watoto wako—"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hakuna kitu. Nilijua siku ile ile. Ulivyosoma ile kadi unatetemeka, mwizi wa mke hatetemeki hivyo." Akamkatia tikiti mwanamke mmoja, akamrudishia chenji, akamwonyesha basi. "Mtu akisema mke wake ametembea, watu wanamhurumia. Akisema mke amekataa kumzalia, watu wanamcheka. Mimi nilikuwa nimechekwa tayari kule kwa kibanda, na kilichofanya nichekwe ni maneno yako. Nikachagua kuhurumiwa."

Nilikuwa nimekuja nikidhani nina kitu ambacho yeye hana.

"Ungemrudisha," nikasema.

"Ningemrudisha." Hakucheka. Niligundua kwamba tangu nifike hakuwa amecheka. "Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Halafu ningewaambia nini watu? Kwamba nilidanganya juu ya mama ya watoto wangu? Ukishasema mbele ya watu, wewe unajua, neno si lako tena."

Nikamweleza habari za binti. Alijua nusu, hakujua habari ya kutomwangalia mama machoni wala swali. Akazungusha kitabu cha tikiti.

"Basi sema," akasema. "Hawa hapa watu. Basi la Loki halijafika. Mimi nitakaa hapa nikisikia, na ukikosea nitakurekebisha."

Nikasimama. Palikuwa na watu kama ishirini hivi, wameketi juu ya mizigo yao. Baadhi waliwahi kukaa kwenye benchi za mzee. Muuza samaki alikuwapo, amezeeka, ndoo kati ya miguu. Nilisema kwa sauti yangu, si ya nahodha wala ya mkewe. Nikasema habari ya kadi, ya kizingiti, ya Jumapili nilizohesabu, ya watu waliokuwa wanatoka na dakika moja ya kimya. Nikasema nilikimbia kwa woga na si kwa hatia ya kitanda. Mume alinirekebisha mara moja. Nilisema mtoto alikuwa wa mwaka mmoja, akasema miezi minane.

Nilipomaliza walitoa maoni, maana watu wa Kakuma hawajabadilika.

"Mimi naamini," akasema mwanamke aliyekuwa na kuku kwenye kikapu. "Mwongo angeongeza sifa yake."

"Mimi siamini," akasema mwanamume mmoja mwenye kofia ya kampeni. "Miaka yote hii ndiyo anakumbuka? Amelipwa na mwanamke."

"Amlipe na nini? Na mashuka?" akasema mume, na hapo watu wakamgeukia, kwa kuwa hawakutarajia amtetee.

Muuza samaki alikuwa ananitazama. "Mimi nilicheka sana siku ile," akasema. "Nilirudi nyumbani nikihadithia. Nimehadithia mpaka Kalobeyei." Aliufunika ule mdomo wa ndoo kwa karatasi, akaubana vizuri. "Ungetuambia ni mtu wa kweli."

Basi likaja, wakagombania mlango.

Nilimpigia simu yule mama kutoka hapo hapo stendi. Nikamwambia nimesema, na kwamba mumewe wa zamani alikuwapo, na kwamba amekiri kwangu kuwa alijua tangu siku ile. Akauliza wakasemaje. Nikamwambia wengine wameamini, wengine hapana.

"Binti yangu alikuwepo?"

"Yuko shule."

Nilisikia maji yakimwagwa upande wake, na mwanamke mwingine akimwita.

"Basi bado hujasema," akasema, akakata.

Shule zinafunga Ijumaa ya wiki ijayo. Nimechukua chumba upande wa pili wa laga, mbali na ile ploti. Basi la Kitale linapita kila asubuhi mbele ya mlango wangu, nami nalisikia likipunguza mwendo kwenye tuta, na mpaka leo sijalipanda. Mume anasema atamleta binti yeye mwenyewe, tukae watatu, na kile atakachouliza mtoto tujibu wote wawili. Ameniambia binti hapendi kuongeleshwa akiwa na njaa, kwa hiyo nimwache ale kwanza.